Sampuli Ijaribiwe Arua, Isiishie Kampala

Msindikaji wa asali au karanga mjini Arua, West Nile, anayetaka vifungashio vyenye jina lake hana budi kuvitafuta mbali. Wachapaji wengi anaowategemea wako Nasser Road, Kampala. Viwanda vya plastiki navyo viko Kampala na pembezoni mwake. Chupa za kioo mara nyingi hutoka nje ya Uganda kabisa. Kioo Limited ya Dar es Salaam ni mmoja wa watengenezaji wakubwa wa ukanda huu. Kati ya Arua na Kampala kuna takriban kilomita 480, madaraja mawili ya Nile, Pakwach na Karuma, na usiku mzima ndani ya basi. Anayeishi Koboko huongeza safari nyingine juu ya hiyo.

Umbali huo ndio unaofanya watu wengi waidhinishe kifungashio kwa simu. Mchapaji anatuma picha kwa WhatsApp, mteja anajibu "sawa", malipo ya awali yanatumwa kwa simu, na wiki kadhaa baadaye mzigo unashushwa Arua. Siku hiyo ndipo inapogundulika kwamba kifuniko kinavuja, au rangi ya dhahabu imekuwa kahawia, au jina la kijiji limekosewa herufi mara 5,000. Pesa imekwisha kutoka, na chupa zenye jina lako hazina mteja mwingine duniani.

Napendekeza njia nyingine ya kuhesabu. Vifungashio visilinganishwe kwa bei ya kipande kimoja dukani. Vilinganishwe kwa gharama ya bidhaa iliyomfikia mnunuzi ikiwa nzima, haijamwagika, haijafifia, na imeruhusiwa kuuzwa. Gharama hiyo huwezi kuijua mpaka sampuli ijazwe bidhaa yako mwenyewe na kuteswa hapa hapa West Nile, kwenye jua hili na barabara hizi.

Tuanze na kinachoitwa sampuli, kwa sababu wauzaji wanne wanaweza kukupa vitu vinne tofauti kwa jina hilo moja. Kuna picha ya kompyuta. Kuna sampuli tupu, yaani chupa au mfuko halisi usio na chapa. Kuna prufu ya rangi iliyochapwa kwenye karatasi kwa mashine ndogo. Na kuna sampuli iliyotoka kwenye mashine ileile na malighafi ileile itakayotumika kwa oda nzima. Picha ni bure. Sampuli tupu hutolewa bure au kwa bei ya rejareja. Prufu hulipiwa kidogo. Ile ya mwisho ni ghali, kwa kuwa bamba au silinda za chapa lazima ziwe zimekwisha kutengenezwa na mashine iwashwe kwa ajili yako. Kila moja ina swali lake inaloweza kulijibu, na hasara huanza pale mtu anapoitumia picha kujibu swali la chupa.

Picha ya WhatsApp inafaa kazi moja tu: kusoma maneno. Kioo cha simu hutoa mwanga wa rangi tatu, nyekundu, kijani na bluu, ilhali mashine ya kuchapa hutumia wino wa rangi nne, samawati, waridi, manjano na nyeusi. Manjano inayong'aa kwenye simu haiwezi kung'aa hivyo kwenye karatasi. Tena WhatsApp hupunguza ubora wa picha inapoituma, na kila simu ina mwangaza wake. Anayesema "rangi ni nzuri" baada ya kutazama simu ameidhinisha simu yake. Rangi isubiri prufu ya karatasi, na prufu itazamwe nje mchana, kisha itazamwe tena chini ya taa ya dukani, kwani huko ndiko mnunuzi atakakoiona.

Sasa asali, ambayo ndiyo bidhaa ya West Nile inayotangulia kutajwa mtu anapozungumzia usindikaji wa huku. Kosa linalogharimu zaidi katika chupa za asali ni la ujazo. Muuzaji wa chupa huhesabu kwa mililita, sheria ya vipimo na mteja wa dukani huhesabu kwa gramu, na asali ni nzito kuliko maji: lita moja ina uzito wa karibu kilo 1.4. Nusu kilo ya asali kwa hiyo inahitaji nafasi ya mililita 350 hivi. Msindikaji aliyeagiza chupa ya "nusu lita" akidhani ni ya nusu kilo ana njia mbili, zote mbaya. Akiijaza mpaka shingoni, ametoa gramu 700 kwa bei ya 500. Akitia gramu 500 kamili, karibu theluthi ya chupa inabaki tupu, na mteja anayeiona rafuni anaamini amepunjwa ingawa mizani inasema kweli. Chupa inayofaa nusu kilo ni ya mililita 370 au 380. Jambo hili halionekani kwenye picha wala kwenye maelezo ya muuzaji. Linaonekana dakika unapoweka sampuli tupu juu ya mizani na kuijaza.

Ukishapata ujazo, jaribu kifuniko. Jaza chupa kadhaa, zifunge kwa nguvu ya mkono wa yule atakayezifunga kila siku, zipindue kichwa chini juu ya gazeti, uziache usiku kucha na mchana wake, mahali penye joto karibu na mabati. Muda una maana hapa. Asali ya alfajiri ni nzito na haipenyi popote. Ya saa nane mchana imelegea na inapita kwenye uwazi mdogo ambao asubuhi haukuonekana. Chupa iliyofaulu kwenye ofisi yenye kiyoyozi haijafaulu Arua. Gazeti likiwa na doa, angalia kama tatizo ni kifuniko kisicho na mpira wa ndani au ni mdomo wa chupa uliopinda. La kwanza linatengenezeka kwa bei ndogo. La pili ni sababu ya kukataa chupa zote. Kuna tatizo la tatu ambalo chupa haina lawama: asali yenye maji zaidi ya asilimia 20 huweza kuchacha, gesi ikasukuma kifuniko mpaka kikaanza kutoa povu. Hapo tatizo liko kwenye mavuno, na hakuna kifungashio kitakacholificha.

Fanya pia jaribio la harufu. Funga chupa tupu ya plastiki, iache juani siku nzima, ifungue puani. Ikinuka plastiki au sabuni, asali itaibeba harufu hiyo. Tazama chini ya chupa: namba iliyo ndani ya pembetatu inakuambia aina ya plastiki, 1 ni PET, ile inayong'aa kama ya maji ya kunywa, 2 ni ile nzito isiyopitisha mwanga, 5 ni ile ya vikopo na vifuniko vingi. PET huanza kulegea kwenye joto la nyuzi 70 hivi, kwa hiyo anayepashia asali moto mkali kabla ya kujaza ataona chupa inajikunja, na hilo nalo lionekane kwenye sampuli.

Kioo au plastiki? Watu wengi wanajibu kwa heshima: kioo kinaonekana cha thamani. Ni kweli, na katika maduka ya Kampala kinauza. Lakini chupa ya kioo ya nusu kilo ya asali hukaribia gramu 200 ikiwa tupu, ilhali ya PET mara nyingi haifiki 40. Unalipia uzito huo ikija kutoka Kampala tupu, kisha unaulipia tena ikirudi Kampala imejaa. Halafu kuna kuvunjika. Chukua hesabu hii ya mfano, na uweke bei zako mwenyewe mahali pa zangu. Tuseme chupa ya kioo na kifuniko chake ni shilingi 1,800, ya PET ni 700, na asali ya ndani imekugharimu 9,000. Katoni ya chupa 24 za kioo imekula 259,200. Zikivunjika mbili njiani, gharama hiyo inabebwa na chupa 22, na kila moja inakuwa 11,782. Katoni ya PET imekula 232,800, hazikuvunjika, kila moja ni 9,700. Tofauti iliyoonekana dukani ilikuwa 1,100. Tofauti halisi ni karibu mara mbili yake.

Hata hivyo hesabu hiyohiyo ina upande wa pili ambao wengi hawaufiki. Tuseme katoni yenye vigawanyo vya ndani inaongeza shilingi 3,000, na hakuna chupa inayovunjika tena. Sasa kila chupa ya kioo ni 10,925. Vigawanyo vya karatasi, ambavyo wafanyabiashara wanaviondoa ili kupunguza gharama, vimeokoa zaidi ya shilingi 850 kwa kila chupa. Ndiyo maana nasema sampuli ya chupa bila sampuli ya katoni yake haijakamilika. Jaza katoni moja, iandike jina lako, ipe basi la usiku liende nayo Kampala na kuirudisha, bila kumwambia mpakiaji kwamba ni jaribio. Utalipa nauli ya mzigo mdogo, na utapata jibu ambalo hakuna muuzaji anayeweza kukupa.

Na chupa za maji zilizotumika, zile ambazo asali ya barabarani huuzwa ndani yake? Kwa bei hazishindiki. Sina neno na mzee anayemuuzia jirani yake asali, naye jirani akaleta chombo chake mwenyewe. Lakini mara bidhaa inapobeba jina la kampuni na kupelekwa dukani, chombo lazima kiwe kipya na cha daraja la chakula. Hapo pana afya ya mtu asiyekujua na asiyeweza kukuuliza chupa hiyo ilibeba nini jana.

Mafuta ya shea yanastahili neno lake. Miti ya shea ya Uganda ya kaskazini na West Nile ni ya jamii ya nilotica, na mafuta yake ni laini kuliko yale ya Afrika Magharibi. Kwenye joto la mchana wa huku huyeyuka na kuwa majimaji. Vikopo vingi vya vipodozi vinavyouzwa Kampala vimeundwa kwa krimu isiyomwagika. Anayefungasha shea aazime macho ya muuza mafuta ya kupikia: kikopo kipimwe kana kwamba kitabeba mafuta ya maji, kwa sababu saa saba mchana ndiyo kitakayokuwa kimebeba.

Upande wa karanga ya kusaga na simsim, mjadala ni kopo au mfuko. Mfuko wa kusimama, wenye zipu au usio nayo, ni mwepesi, hauvunjiki, na mifuko 1,000 inaingia kwenye boksi moja ambalo boda boda analibeba. Shida yake ni mshono wa kuziba. Mfuko ukizibwa mtupu, mshono unashika vizuri, na muuzaji atakuonyesha hivyo kwa fahari. Karanga iliyosagwa ina mafuta, na mafuta yakigusa midomo ya mfuko wakati wa kujaza, joto la mashine haliiunganishi vizuri. Mshono unaonekana mzima, kisha baada ya siku chache unaachia. Jaza mifuko kadhaa kwa bidhaa yako, kwa haraka ileile ya siku ya kazi, ziba, ilaze juu ya gazeti, weka uzito juu, subiri siku tatu. Na jaribio lifanyike kwa mashine yako mwenyewe ya kuzibia, kwa umeme wa mahali ulipo. Kwa miaka mingi West Nile ilitegemea kampuni ya umeme ya WENRECO na bwawa dogo la Nyagak lenye megawati 3.5, na watu wa huku wanajua umeme dhaifu unavyofanya kazi. Mashine ndogo ya kuziba ikipata umeme pungufu hutoa joto pungufu, wakati kipima muda chake kinaonyesha sawa.

Unene nao uulizwe kwa namba. Sheria ya Mazingira ya Uganda ya mwaka 2019 imepiga marufuku plastiki ya chini ya mikroni 30, ile kaveera nyembamba. Mifuko ya chakula yenye tabaka kadhaa kwa kawaida huzidi unene huo, lakini mifuko ya bei ya chini sana inayouzwa kwa kilo inaweza isifike. Kunja sampuli mpaka upate tabaka 10, umpelekee fundi wa mashine mwenye vernia. Tabaka 10 za mikroni 30 ni milimita 0.3. Chini ya hapo, unanunua kitu ambacho kinaweza kuchukuliwa rafuni, na Kenya, iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea mwaka 2017, au Tanzania, iliyofuata mwaka 2019, usifikirie kukipeleka huko.

Nimalize habari ya karanga kwa jambo ambalo si la kifungashio lakini linachanganywa nacho. Mfuko mzuri hauondoi sumu ya aflatoksini. Kiwango cha Afrika Mashariki kinaruhusu mikrogramu 10 tu kwa kilo, na hiyo hupimwa maabara. Anayetumia akiba yake yote kwenye mfuko wenye rangi nne akakosa pesa ya kipimo amepanga matumizi yake kinyume.

Sasa swali linalowatesa wengi: nichape mifuko yenye jina langu, au ninunue mifuko mitupu na kubandika stika? Tena hesabu ya mfano. Mfuko mtupu ni 600, stika nzuri isiyolowa ni 250, jumla 850, na unaweza kununua hata 200. Mfuko uliochapwa ni 450 tu, lakini oda ya chini ni 10,000, na kuna silinda nne za chapa, moja kwa kila rangi, tuseme 600,000 kila moja. Jumla ya kutoa mfukoni siku ya kwanza ni 6,900,000. Ukitumia yote 10,000, kila mmoja umekugharimu 690, umeshinda stika. Ukitumia 6,000 kisha lebo ikalazimika kubadilika, kila mmoja umekugharimu 1,150, na mifuko 4,000 imekaa stoo. Mstari wa usawa uko kwenye mfuko wa 8,118. Msindikaji ajiulize kwa ukweli kama katika mwaka mmoja atauza zaidi ya mifuko 8,000 ya ladha ileile, uzito uleule, anwani ileile. Wengi wa Arua na Koboko walio katika mwaka wao wa kwanza jibu lao ni hapana, na ushauri wangu kwao ni stika, bila kuona haya. Oda ya pili hubadilisha mambo, maana silinda zimekwisha kulipwa na mfuko unabaki 450. Lakini huwezi kufika oda ya pili kwa kufilisika kwenye ya kwanza.

Kwa nini lebo ilazimike kubadilika? Sababu ya kawaida ni kibali. Alama ya Q ya Shirika la Viwango la Uganda, UNBS, haichapwi mpaka kibali kitolewe, na ni kosa kuitumia kabla ya hapo. Anayechapa mifuko 10,000 bila alama atabaki nayo siku kibali kitakapokuja. Anayechapa yenye alama kabla ya kibali amevunja sheria. Stika inakuvusha kipindi hicho. Halafu kuna maneno yenyewe. Kiwango cha EAS 38 kinachotumika Afrika Mashariki kwa lebo za vyakula kinadai jina la chakula, viungo, uzito halisi kwa vipimo vya metriki, jina na anwani ya mtengenezaji, nchi kilikotoka, namba ya toleo, tarehe na namna ya kuhifadhi. Karanga itajwe wazi, kwani kuna watu wanaodhurika nayo. Soma prufu ukiwa na kiwango mkononi, kisha mpe asome mtu ambaye hajawahi kuona bidhaa yako. Wewe umeizoea mno kiasi cha kutoliona kosa.

Tarehe na namba ya toleo hazichapwi kiwandani pamoja na lebo. Unazipiga mwenyewe kila siku ya kujaza. Hapo sampuli nyingi zinazopendeza zinaanguka. Mfuko unaong'aa kote haushiki wino wa muhuri: piga muhuri, subiri dakika tano, pitisha kidole. Tarehe ikifutika, mwambie mchapaji aache kipande kisichong'aa. Msimbomilia, ile mistari inayosomwa na mashine ya keshia, uwe mweusi juu ya nyeupe. Mashine nyingi husoma kwa mwanga mwekundu, na mistari myekundu mbele ya mwanga huo haionekani kabisa. Ukubwa wake wa kawaida ni milimita 37 kwa 26 hivi, na usipunguzwe chini ya asilimia 80 ya hapo. Omba keshia wa supamaketi moja akusomee sampuli. Ni kazi ya sekunde.

Stika yenyewe ina madaraja mawili. Ya karatasi ni rahisi, lakini tone la asali na kitambaa chenye maji vinaimaliza. Ya plastiki ina bei juu kidogo na inavumilia. Paka sampuli mafuta ya kupikia, isugue kwa dole gumba. Bandika selotepu juu ya maandishi, uivute ghafla. Wino ukija nayo, kataa.

Koboko ina swali lake ambalo Arua haina kwa ukali huo. Barabara ya lami ya kilomita 92 kutoka Vurra kupitia Arua na Koboko inaishia Oraba, na ng'ambo yake ni Kaya, Sudan Kusini. Upande wa Kongo kuna soko la Ariwara. Nchi zote hizi ziko sasa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Sudan Kusini tangu 2016 na Kongo tangu 2022, na mfanyabiashara wa Koboko anasikia Kikakwa, Kinubi, Kiarabu cha Juba, Kilingala na Kiswahili katika asubuhi moja. Wengine wanaamua kuweka lebo ya lugha mbili, na hapo ndipo prufu inapopaswa kuogopwa. Kiarabu husomwa kutoka kulia, na herufi zake hushikana na kubadilika umbo. Mbunifu asiyekijua akikinakili kwenye programu isiyokubali mwandiko huo, herufi zinaachana na neno linageuka nyuma mbele. Kwake linaonekana Kiarabu tu. Kwa msomaji ni takataka, na ni aibu kwa bidhaa. Koboko haina uhaba wa watu wanaosoma Kiarabu, madrasa ziko mjini. Mpelekee mwalimu prufu ya karatasi, umwambie, "Shehe, naomba unisomee hii kwa sauti." Usimwambie kilichoandikwa. Akisoma alichotakiwa kusoma, endelea.

Maoni yangu ni kwamba anayeanza asiweke lugha mbili kwenye mfuko uliochapwa. Lebo ya Kiingereza ibaki moja, na stika ndogo ya Kiarabu au ya Kifaransa ibandikwe kwenye mzigo unaovuka mpaka peke yake. Masoko ya mpakani hufunguka na kufungika kwa sababu zisizo mikononi mwa msindikaji, na mifuko ya Kiarabu haiuziki Kampala.

Sampuli ikikubalika, ziwe mbili zinazofanana, za mashine halisi, zisainiwe na pande zote mbili na kuandikwa tarehe, moja abaki nayo mchapaji na nyingine wewe. Yako itunzwe mbali na jua, kwa kuwa rangi hupauka na siku ya ugomvi utahitaji kuilinganisha na mzigo. Karatasi ya makubaliano itaje unene, idadi ya rangi, aina ya kifuniko, na neno ambalo husahauliwa: silinda ni mali ya nani. Kama umezilipia, iandikwe kwamba ni zako na unaweza kuzihamisha. Uliza pia kuhusu ziada na upungufu, kwani desturi ya wachapaji wengi ni kwamba oda inaweza kuzidi au kupungua kwa asilimia 10 na ukalipishwa kilichotoka. Mwenye bajeti ya mifuko 10,000 anaweza kudaiwa ya 11,000.

Weka nafasi katika kalenda. Mwaka 2024 daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo, magari ya West Nile yalizungushwa njia ndefu zaidi, na aliyekuwa na vifungashio vya wiki moja tu alibaki na asali ndani ya ndoo. Oda mpya iagizwe wakati stoo bado ina vya kutosha kwa miezi miwili. Na mzigo unapofika, malipo ya mwisho yasitumwe kabla ya kufungua maboksi matatu, moja la juu, moja la katikati, moja la chini kabisa, kuweka sampuli iliyosainiwa pembeni yao, na kurudia jaribio la gazeti.